Muhuri wa Halmashauri Haukagui Nondo

Wasomaji wanaojenga hutuuliza swali moja kwa sura mbili. Mmoja anasema: "Kibali cha manispaa ninacho mkononi, sasa injinia nimlipe kwa kazi gani tena?" Mwingine anakuja kinyume chake: "Nina injinia wangu mwenye usajili, kwa nini nihangaike na halmashauri?" Wote wawili wanaamini kwamba yupo mtu mmoja mahali fulani anayeitazama nyumba yao kuanzia msingi hadi paa. Hayupo. Kazi hiyo imegawanywa, na vipande vingine vya kazi havina mwenyewe mpaka wewe uvitafutie mtu na umlipe.

Makala hii inahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka na sheria zake, na ukijenga Mji Mkongwe kuna masharti ya hifadhi juu ya hayo. Msomaji wa Kenya ataanzia kwenye kaunti yake na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Ila sehemu inayohusu zege na nondo isomwe na wote, maana zege halina uraia.

## Nani anatazama nini

- Halmashauri (ya jiji, manispaa, mji au wilaya) hutazama kiwanja, matumizi yake, ramani uliyopeleka, umbali wa jengo kutoka mpakani na barabarani, choo na maji machafu, na usalama wa majirani. Hutoa kibali, na ina mamlaka ya kusimamisha kazi na hata kubomoa.
- Mbunifu majengo hupanga vyumba, mwanga, hewa, ngazi na sura ya nyumba.
- Mhandisi wa majengo hushughulika na kinachobeba mzigo: msingi, nguzo, boriti, slabu.
- Mkadiriaji majenzi hupima kazi na gharama. Huyu hulinda mfuko wako kuliko anavyolinda kuta.
- Mkandarasi au fundi anajenga. Hawezi kuwa mkaguzi wa kazi yake mwenyewe, hata akiapa.
- Bodi za usajili hutazama mtu zaidi ya nyumba. ERB ni ya wahandisi, AQRB ni ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, CRB ni ya wakandarasi. Wakaguzi wao hupita saiti pia, lakini usitegemee wapite kwako.
- Zimamoto na OSHA huingia kwenye maghorofa, majengo ya umma na ya biashara, na usalama wa wafanyakazi. Mamlaka ya taifa ya mazingira nayo huhusika miradi ikiwa mikubwa au ipo mahali nyeti.

Rudia orodha hiyo ukijiuliza jambo moja tu: nani alisimama kando ya nguzo dakika kumi kabla ya zege kumwagwa, akahesabu nondo? Sheria inampa mkaguzi wa halmashauri haki ya kuingia saiti yako, na kibali chako huenda kinakutaka umwarifu kabla ya hatua fulani. Mwarifu. Lakini fikiria idadi ya nyumba zinazoota kila mwezi Mbagala, Goba au Nyamagana, kisha fikiria ofisi yenye wakaguzi wachache na gari moja. Jibu utalipata mwenyewe.

## Kabla ya kuchora, uliza ardhi

Watu huanza na ramani kwa sababu ramani inapendeza macho. Anza na ardhi.

1. Fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ujue jina lililo kwenye kumbukumbu ni la nani, na kama kiwanja kimewekwa rehani.
2. Mwombe afisa mipango miji akuonyeshe mchoro wa mipango miji wa eneo lako. Kiwanja chako kinaweza kuwa ni cha makazi, makazi na biashara, au ni eneo la wazi ambalo mtu amekuuzia kwa tabasamu.
3. Zitafute bikoni zote. Ikiwa moja haionekani, mwite mpima kabla fundi hajapigilia vigingi. Kupima kwa kufuata ukuta wa jirani ni kurithi kosa la jirani.
4. Kama upo karibu na bahari, ziwa au mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 ambazo hairuhusiwi kufanya shughuli za kudumu ndani yake.
5. Kama upo kando ya barabara kuu au ya mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Sehemu nyingine ni pana zaidi ya hapo. Waliovunjiwa nyumba kandokando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, walikutana na hifadhi kubwa kuliko waliyoizoea. Swali hili mpelekee TANROADS. Usimwulize dalali.

Mtu atasema: "Mbona mtaa mzima umejengwa hapo?" Ni kweli umejengwa. Siku ya kubomoa, mtaa mzima nao huwekwa alama.

## Kibali: kinachohitajika na kinachokwamisha

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inakataza kuendeleza ardhi mjini bila idhini ya mamlaka ya mipango. Kila halmashauri ina fomu na viwango vyake vya ada, kwa hiyo usinakili orodha ya rafiki wa mkoa mwingine. Kwa kawaida utaombwa:

- hati miliki au barua ya toleo, pamoja na ramani ya upimaji;
- risiti za kodi ya pango la ardhi zisizo na deni;
- seti za michoro ya ujenzi: mpango wa kiwanja, sakafu, mwonekano wa pande zote, mikato, msingi, paa, na mfumo wa maji machafu;
- kwa ghorofa, michoro ya uhandisi yenye muhuri na saini ya mhandisi aliyesajiliwa;
- fomu iliyojazwa, na wakati mwingine barua au saini kutoka serikali ya mtaa.

Maombi hupita kwa afisa ardhi, mipango miji, mhandisi na afisa afya. Faili likikwama, jambo la kuuliza ni lipo kwenye meza ya nani na linasubiri nini. Ukiuliza "vipi, limefikia wapi?" utajibiwa "linashughulikiwa", nawe utaondoka na jibu hilo kama ulivyokuja.

Makosa yanayorudisha faili nyuma ni yaleyale kila mara. Ramani imenunuliwa mtandaoni au imenakiliwa kwa shemeji, kwa hiyo vipimo vyake havikai kwenye kiwanja. Jina la mwombaji halifanani na la kwenye hati kwa sababu kiwanja ni cha marehemu baba na mirathi haijafungwa. Karo la maji taka limechorwa pembeni kabisa, likimgusa jirani. Kodi ya pango inadaiwa tangu awamu ya mwenye kiwanja wa kwanza.

Lipa ada kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali tu, benki au kwa simu. Fedha yoyote inayoombwa mkononi, iwe "ya mafuta", "ya soda" au "ya kusukuma faili", haina risiti na haitakutetea siku ya matatizo. Simu ya TAKUKURU ni 113, na hailipiwi.

Kibali kikitoka, kisome. Wengi hukitia fremu bila kukisoma. Ndani yake kuna tarehe ya ukomo, idadi ya ghorofa, matumizi yaliyoruhusiwa, na masharti ya kutoa taarifa. Hati na kibali ni vitu viwili tofauti: kuwa na hati ni kumiliki, na kibali ni ruhusa ya kujenga kitu fulani mahali fulani.

## Muhuri wa kukodi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na maisha pia.

Mtindo wenyewe ni huu. Mchoraji wa mtaani anakuchorea ghorofa moja kwa kompyuta. Halmashauri inataka muhuri wa mhandisi. Mchoraji anakuambia usiwe na wasiwasi, "kuna injinia wetu". Siku mbili baadaye michoro inarudi ikiwa na muhuri. Mwenye muhuri hajawahi kukiona kiwanja chako, hajui kama ni mchanga au ni mfinyanzi, na wewe huijui hata sura yake. Kwenye karatasi unaye mhandisi, lakini saiti hakuna mtu.

Kujikinga ni kazi ya saa moja:

- Chukua jina kamili na namba ya usajili, kisha lihakikishe kwenye orodha ya bodi husika, mtandaoni au ofisini kwao. Angalia kama usajili bado u hai mwaka huu.
- Uliza daraja la usajili. ERB inamtofautisha mhandisi mhitimu na mhandisi mtaalamu, na mhitimu bado yupo chini ya uangalizi. CRB ina madaraja ya wakandarasi kuanzia la kwanza hadi la saba, na kila daraja lina ukomo wa ukubwa wa kazi.
- Kutana naye ana kwa ana, tena kiwanjani. Mhandisi anayekubali kusanifu msingi wa ghorofa bila kuuliza udongo ukoje, mshukuru na mwage.
- Mwombe saiti mbili alizosimamia, uende bila yeye. Waulize wenye nyumba alikuja mara ngapi.
- Angalia bango la saiti zake nyingine. Bango linapaswa kuonyesha mmiliki, mkandarasi na wataalamu. Saiti ya ghorofa isiyo na bango inajieleza yenyewe.

"Lakini fundi wangu ana uzoefu wa miaka ishirini." Huenda ni fundi hodari kweli, na nyumba ya vyumba vitatu ya chini ataijenga ikasimama. Uzoefu wake unamwambia jinsi ya kufanya alichozoea. Haumwambii boriti yenye urefu wa mita sita bila nguzo katikati inahitaji nondo ngapi, na hilo halikadiriwi kwa macho.

## Mkataba wa usimamizi ni tofauti na mkataba wa michoro

Wengi humlipa mhandisi kwa michoro wakidhani na usimamizi umo. Haumo mpaka uandikwe. Andikianeni hata ukurasa mmoja, wenye:

- hatua atakazokuja kukagua, zikiwa zimetajwa kwa majina;
- saa au siku ngapi kabla unatakiwa kumwita;
- kwamba atakuja yeye mwenyewe, au atamtuma nani;
- kwamba ana mamlaka ya kusimamisha kazi na fundi lazima atii;
- kwamba kila ukaguzi utaacha maandishi yenye saini na picha;
- malipo kwa kila hatua iliyokaguliwa, yasiwe kwa mkupuo mmoja mwanzoni.

Na mlipe wewe mwenyewe. Mkaguzi anayelipwa kupitia mkandarasi atakagua kama mgeni wa mkandarasi. Naiona hii kuwa kanuni muhimu kuliko zote katika ukurasa huu, na ndiyo inayovunjwa kirahisi zaidi, kwa sababu mkandarasi atakuambia "bosi, niachie mimi, yule ni mtu wangu." Hapo ndipo pa kushtuka.

## Vituo vya kusimama

Zege likishamwagwa, hakuna anayeona kilichomo. Ndiyo maana ukaguzi wote wa maana hufanyika *kabla*. Hatua hizi zisipitwe bila saini:

Mtaro wa msingi. Kina na upana kama mchoro unavyosema, na udongo wa chini uwe mgumu, usiwe kifusi. Mtaro ukijaa maji usimwage zege juu ya tope. Yaondolewe, tope likwanguliwe. Ni hapa pia vipimo vya kutoka mpakani vinahakikiwa mara ya mwisho kwa gharama nafuu.

Kabla ya jamvi. Kifusi kimeshindiliwa kwa matabaka? Dawa ya mchwa imepigwa? Mabomba ya kupita chini yamewekwa? Bomba lililosahaulika hapa litatafutwa baadaye kwa nyundo.

Nguzo, lenta na mkanda. Hesabu nondo, kisha pima umbali wa ringi kwa futi. Mchoro unasema kila milimita 150, fundi anapima kwa shibiri yake, na shibiri ya mtu mzima ni kubwa kuliko hapo. Kwa kila ringi iliyorukwa nguzo inapungua uwezo, hasa chini kabisa na juu kabisa inapokutana na boriti.

Slabu. Hii ninataka tuitazame kwa karibu, kwa kuwa siku ya slabu ndiyo siku ya hatari kuliko zote.

Saa kumi na mbili asubuhi vijana wameshafika. Mashine ya zege imekodiwa kwa siku, kokoto zimemwagwa barabarani na jirani anagomba. Wapishi wa ubwabwa wako kazini. Injinia yupo njiani, kwenye foleni. Fundi mkuu anakwambia: "Bosi, tuanze tu, injinia atatukuta mbele. Watu wameshalipwa hawa." Na wewe unaona aibu kuwakalisha watu thelathini kwa ajili ya mtu mmoja.

Wakalishe. Panda juu mwenyewe ukaangalie nondo zilivyolala. Zikiwa zimegusa mbao, zege halitazifunika chini. Baada ya miaka michache zitapata kutu, zitavimba, na vipande vya dari vitaanza kudondoka chumbani. Lazima zinyanyuliwe kwa vile vitofali vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, na unene wake utoke kwenye mchoro. Kokoto au kipande cha tofali kilichoingizwa chini ya nondo asubuhi ile ile si biskuti. Nondo za juu, zinazopita juu ya nguzo na boriti, zikishakanyagwa na toroli hulala chini, na hapo zinakuwa hazina kazi yoyote. Tingisha mirunda ya chini mmoja mmoja, maana uliolegea au uliosimamishwa juu ya tofali bovu unatosha kuanzisha msiba.

Kisha angalia mambo haya manne:

1. Vipimo vya mchanganyiko viwe kwa ndoo au sanduku lile lile siku nzima. Koleo siyo kipimo.
2. Maji yasiongezwe ili zege litelezee kirahisi. Zege la uji ni rahisi kumwaga, ila ni dhaifu.
3. Vaibreta iwepo na ifanye kazi, ya akiba iwe karibu.
4. Zichukuliwe sampuli za kupimia nguvu: vipande vya mraba vya milimita 150 kila upande, vivunjwe maabara siku ya 7 na siku ya 28. Maabara za TANROADS na za vyuo vya uhandisi hufanya kazi hiyo. Kwa ghorofa usikubali kukosa majibu hayo.

Baada ya hapo, zege linyweshwe maji kwa siku zisizopungua saba. Mirunda isitolewe mpaka mhandisi aseme kwa maandishi, hata kama mwenye mbao anazidai kila asubuhi.

Paa. Kenchi zishikamane na mkanda kwa vyuma au waya uliofungwa vizuri, mbao ziwe zimetiwa dawa. Ukipaua kwa vigae, mwambie mhandisi mapema. Uzito wake si wa bati.

Kabla ya plasta. Mafundi bomba na umeme wameshapita. Kagua kama wamekata boriti au nguzo kupitisha bomba la choo. Hili hutokea sana, na plasta hulificha kabisa. Umeme ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

## Daftari la saiti

Nunua daftari gumu la shilingi chache, liwe na kurasa zenye namba, likae saiti kwenye mfuko wa nailoni. Kila mkaguzi, wako au wa halmashauri, aandike tarehe, alichoona, alichoagiza, jina na saini. Fundi naye aandike siku ya kumwaga zege, idadi ya mifuko ya saruji, hali ya hewa. Piga picha kurasa hizo kila jioni.

Mkaguzi akikataa kuandika, maana yake hakukagua. Kama ni wako, usimlipe.

## Ukibadili ramani katikati

Hakuna kosa la kawaida kama hili. Kibali ni cha ghorofa moja, hela imepatikana, unaongeza ya pili. Au chumba cha uani kinageuzwa fremu za maduka. Au chini ya jengo lililopo panachimbwa ili kupata nafasi ya biashara zaidi.

Tumeshaona majengo yakianguka. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 29, 2013, liliua zaidi ya watu 30, na miongoni mwa waliofikishwa mahakamani walikuwemo mmiliki na watumishi wa manispaa. Novemba 16, 2024, jengo lilianguka Kariakoo likiwa na watu wakifanya biashara ndani. Waliokufa hawakupungua 29, na serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya eneo hilo. Msingi uliosanifiwa kwa mzigo mmoja haujui kwamba hela yako imeongezeka.

Utaratibu wa mabadiliko ni huu, na usiugeuze:

1. Mhandisi akague kilichokwisha kujengwa na aseme kwa maandishi kama kinabeba.
2. Michoro mipya itoke, yenye mihuri.
3. Halmashauri itoe kibali cha mabadiliko.
4. Ndipo fundi aguse kitu.

Kwa kazi ya kuchimba karibu na nguzo au msingi uliopo, ongeza hatua moja kabla ya zote: wapangaji watoke.

## Ukikuta X nyekundu ukutani

Usiifute alama hiyo ya kubomolewa kwa rangi. Wala usiamrishe kazi iendelee usiku kwa taa. Majirani wana simu. Fanya hivi:

- Simamisha kazi siku hiyo hiyo, lakini linda kilichopo: funika nondo, imarisha kuta zilizolegea.
- Nenda halmashauri na nakala za hati, kibali, michoro na daftari la saiti. Omba notisi ya maandishi inayotaja kifungu cha sheria na kosa lenyewe. X peke yake haikuambii umekosea nini.
- Kama kosa linarekebishika, omba muda kwa barua, upate nakala iliyogongwa "imepokelewa".
- Kama hukubaliani, muone mwanasheria mapema. Muda wa kupinga huwa mfupi.

Na kama wewe ni mpangaji au mnunuzi, X ni habari kwako pia. Jengo la makazi lililoanguka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, na kuua watu zaidi ya 40, lilikuwa limeshatajwa kuwa la kubomolewa. Watu waliendelea kulipa kodi humo.

## Mnayouliza mkiwa na shaka

"Mhandisi ni ghali." Kwa nyumba ya chini, mwite kwa hatua tatu au nne tu na mkubaliane malipo ya kila safari. Linganisha na bei ya milango yako ya mbao ya mninga, kisha tuzungumze.

"Kwangu hakujapimwa." Usianze na fundi. Uliza mtaa na halmashauri kama kuna urasimishaji unaoendelea, na kama eneo lako limeachwa kwa barabara au huduma. Leseni ya makazi, panapotolewa, ni bora kuliko karatasi ya mauziano tupu, ila bado siyo kibali cha ujenzi. Ukaguzi wa mhandisi hausubiri upimaji.

"Nyumba ikianguka, halmashauri si ndiyo iliyopitisha?" Utaitaja mahakamani, nayo itakuuliza ulijenga kwa kufuata michoro iliyopitishwa au la, na nani alisimamia. Bila daftari na mkataba huna jibu.

"Injinia wa halmashauri amejitolea kunisimamia jioni, nje ya kazi." Kataa kwa adabu. Yeye ndiye atakayetakiwa kukukagua. Hawezi kuwa pande zote mbili za meza.

## Kwa mnaojenga mkiwa nje

Wasomaji wa London na Sydney huuliza kwa nini hapa huwezi kumlipa mkaguzi binafsi akatoa kibali badala ya halmashauri, kama ilivyo huko. Uingereza ilifungua mlango huo kwa sheria ya 1984, na jimbo la New South Wales, Australia, lina wakaguzi binafsi wenye leseni tangu 1998. Huko nako hakujapoa. Sydney, jengo la Opal Tower lilitoa nyufa Desemba 2018 na wakazi wakahamishwa, na swali la mkaguzi anayelipwa na mjenzi likarudi mezani. Grenfell Tower, London, iliyowaka moto na kuua watu 72 mwaka 2017, ilikuwa chini ya ukaguzi wa halmashauri yenyewe. Ndiyo maana nasisitiza kazi ya kila mmoja badala ya kutafuta nani ni bora.

Ukiwa mbali, fanya haya:

- Mhandisi awe na mkataba na wewe moja kwa moja, si na kaka aliyepewa kusimamia. Kaka atunze vifaa na funguo.
- Usitume hela ya hatua inayofuata kabla hujapata ripoti ya mhandisi ya hatua iliyopita.
- Picha za nondo zipigwe futi ikiwa imewekwa juu yake na namba zinasomeka. Picha nzuri ya nyumba kwa mbali haikuambii kitu.
- Siku ya zege piga simu ya video, umwombe mhandisi, siyo fundi, ashike simu.

## Kabla ya kuhamia

Omba halmashauri ije kukagua jengo lililokamilika na kukupa cheti cha kulitumia. Wengi huruka hatua hii kwa sababu wameshachoka na hela imeisha. Wanaikumbuka benki inapouliza, au mnunuzi makini anapokuja. Kabla hujawaita, pitia mwenyewe: maji ya mvua yanakwenda wapi, chemba zina vifuniko, ngazi zina mkono wa kushikia, madirisha yenye nondo yana angalau moja la kufunguka wakati wa moto.

Faili lako liwe na hati, kibali, michoro iliyogongwa muhuri, michoro ya mabadiliko, mikataba, majibu ya maabara, daftari la saiti na risiti zote za serikali. Nakala moja ikae nje ya nyumba hiyo, na mke, mume au mtoto mkubwa ajue ilipo.